KAZI KATIKA JUA KALI

1. Nchi yetu na jua lake

Mji wa Uvira umekaa mahali pembamba. Upande wa magharibi imesimama milima ya Mitumba. Upande wa mashariki limelala ziwa Tanganyika. Mtu wa mtaa wa Kimanga akiinua macho huona milima karibu sana; akigeuka, huona maji. Kwa upande wa kaskazini nchi hufunguka, na bonde la Ruzizi huanza: Kiliba, Runingu, Sange, Luberizi, Luvungi. Huko watu hulima mpunga, mihogo, mahindi, nyanya na miwa.

Ziwa letu liko meta karibu 770 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Bukavu uko meta karibu 1,500, na vijiji vingine vya milimani viko juu zaidi ya meta 2,000. Kadiri mtu anavyoshuka, ndivyo hewa inavyozidi kuwa ya joto. Mtu wa milimani hutafuta moto jioni. Mtu wa Uvira hutafuta kivuli mchana.

Kiangazi huanza mwezi wa Juni. Kikifika mwisho wake, katika Agosti na Septemba, majani yamekauka, vumbi linaruka, na mchanga wa pwani unachoma nyayo. Mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita hupita juu ya vichwa vyetu kabisa, hata kivuli cha mtu hukaa chini ya miguu yake. Kisha mvua huja, na hewa huwa nzito yenye unyevu. Hapo joto hutuchosha kwa namna nyingine, kama tutakavyoona.

Lakini kazi haingoji. Mkulima lazima atayarishe shamba kabla ya mvua. Mfyatuaji wa matofali hutaka jua, maana matofali hayakauki kivulini. Wachukuzi wa bandari ya Kalundu hupakua mizigo mchana. Wavuvi wa ndagala huvua usiku kwa taa, lakini mama zetu huanika ndagala hizo mchana kutwa, wakizigeuza juani ili zisioze. Na ninyi watoto, siku za mapumziko, huwasaidia wazazi wenu katika kazi hizo zote.

Basi yafaa tujifunze jinsi ya kufanya kazi katika jua kali bila kuharibu mwili ambao Mungu ametupa.

2. Moto wa nje na moto wa ndani

Watu wengi hufikiri kwamba joto la mfanyakazi latoka juani tu. Sivyo. Liko joto la nje, na liko joto la ndani.

Joto la nje latoka juani, katika hewa, na katika ardhi iliyopata moto. Joto la ndani twalifanya sisi wenyewe. Mtu akila bugali na sombe, chakula hicho humpa nguvu. Lakini si nguvu yote inayokwenda katika jembe. Katika kazi nzito, karibu sehemu moja tu katika tano hugeuka kuwa kazi. Sehemu nne hugeuka kuwa joto ndani ya mwili. Ndiyo sababu mtu anayelima asubuhi yenye baridi huvua koti lake baada ya muda mfupi.

Mwili wa mtu mzima au mtoto, mweusi au mweupe, una joto la nyuzi karibu 37. Mwili hujitahidi kulishika joto hilo siku zote. Likipanda sana na kupita nyuzi 40, ubongo huanza kuharibika, kisha moyo, figo na ini. Mtu huweza kufa siku ile ile.

Sasa tazameni jambo moja la ajabu. Ni nani aliye katika hatari kubwa shambani? Wengine watasema: mzee, mtoto mdogo, mama mwenye mimba, mgonjwa. Ni kweli, hao wapaswa kulindwa kwanza. Lakini kijana mwenye nguvu naye yumo hatarini, kwa sababu ya nguvu zake. Yeye hulima upesi kupita wenzake, basi hufanya joto la ndani kupita wenzake. Tena huona aibu kuketi kivulini wakati wengine wamesimama. Nguvu si dawa ya jua.

3. Mtungi na jasho

Mwili unajipozaje? Tutazame mtungi wa udongo uliomo nyumbani. Maji yake ni baridi kuliko maji ya bidoni. Kwa nini? Udongo wa mtungi una vitundu vidogo sana. Maji kidogo hupenya hata nje, na hewa huyakausha. Maji yanapokauka huchukua joto la mtungi na kwenda nalo hewani. Hivyo maji yaliyobaki ndani hupoa.

Ngozi yetu hufanya vivyo hivyo. Jasho hutoka, hewa hulikausha, na joto la mwili huondoka pamoja nalo. Jasho lidondokalo chini halisaidii kitu. Jasho likaukalo juu ya ngozi ndilo linalopoza.

Kutokana na hayo twajifunza mambo matatu.

Kwanza: mtungi mtupu haupoi. Mtu asiyekunywa maji hukosa jasho la kutosha, na joto hubaki ndani.

Pili: hewa yenye unyevu ni adui. Katika siku za mvua, jua likitoka baada ya manyunyu, jasho hutiririka wala halikauki. Siku kama hiyo huweza kumwangusha mtu ingawa jua lenyewe si kali sana.

Tatu: upepo ni rafiki. Mchana upepo mara nyingi hutoka ziwani kuja nchi kavu. Mahali pa kupumzika pachaguliwe penye kivuli na upepo pamoja. Ndani ya miwa mirefu, ambamo upepo haupiti, mtu huchoka upesi kuliko katika shamba lililo wazi.

4. Mgeni wa joto

Wahenga wamesema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni neno jema, maana lafundisha kutokuwa mvivu katika nyumba ya watu. Lakini mgeni wa joto apewe jembe polepole. Sikilizeni mfano huu.

Kijana mmoja alishuka kutoka vijiji vya juu milimani kuja bondeni kuvuna mpunga. Alikuwa na afya njema, na kifua kipana. Alitaka kupata fedha za kununua mabati. Mwenye shamba aliwalipa watu kwa kipimo: amalizaye vipande vingi hupata fedha nyingi. Siku ya kwanza kijana alivuna hata jioni bila kupumzika. Usiku kichwa kilimwuma, wala hakula vizuri. Siku ya pili alirudi shambani tena.

Ilipofika saa saba, wenzake walimwona anakata mpunga ovyo. Kisha alianza kusema maneno yasiyo na maana, akayumba kama mlevi. Wenzake wakacheka. Mmoja akasema, "Kumbe kaka yetu amepitia kwenye kasiksi!"

Mama mmoja mzee aliyekuwa akiokota masuke nyuma yao akasimama, akamtazama. Akaja, akamgusa kijana shingoni. Ngozi ilikuwa ya moto kama chungu.

"Ninyi, wanangu, mnacheka nini?" akasema. "Mtu huyu hakulewa. Jua limempiga. Mbebeni, mpelekeni chini ya mwembe! Leteni maji!"

"Lakini, Mama, maji yaliyobaki ni ya kupikia," akajibu mmoja.

"Leteni yote. Tutapika nini ikiwa tunalia?"

Wakambeba hadi kivulini. Wakamvua shati, wakammwagia maji kichwani, kifuani na miguuni, huku wengine wakimpepea kwa vikwembe. Maji yalipokwisha, walichota mengine mferejini. Wakampeleka kituo cha afya, nao njiani hawakuacha kumlowesha. Kijana akapona. Lakini hakuweza kufanya kazi tena mpaka mavuno yalipokwisha, na mabati hakununua mwaka ule.

Kijana huyu alikosa nini? Hakuwa mvivu wala mlevi. Alikuwa mgeni wa joto. Mwili huweza kujifunza joto, lakini hujifunza kwa siku saba hata kumi na nne. Katika siku hizo mwili huanza kutoa jasho mapema na kwa wingi, jasho hupunguza chumvi yake, na moyo hupiga polepole zaidi. Mtu akiruka siku hizo, hujitia hatarini.

Jambo hili lilijulikana kwa hasara kubwa. Katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, ambamo hewa ya chini sana ni ya moto na yenye unyevu, wachimbaji walianza kufa kwa joto katika miaka ya 1920. Waganga wakachunguza, wakaona kwamba wageni ndio walioanguka zaidi. Basi ikawekwa kanuni: mgeni aanze kwa kazi nyepesi, aongezewe siku kwa siku, mpaka mwili wake uzoee. Vifo vikapungua.

Kanuni hiyo yafaa hata shambani kwetu. Siku ya kwanza, mgeni afanye sehemu moja katika tano ya kazi ya mwenyeji. Siku ya pili, sehemu mbili. Aongeze hivyo hadi siku ya tano. Na mwenyeji aliyelala kitandani kwa malaria wiki mbili ni mgeni tena. Naye aanze polepole.

5. Saa za kazi

Mkulima mwenye akili hushindana na jua kwa kuamka mapema. Kwetu jua hutoka karibu saa kumi na mbili asubuhi, siku zote za mwaka. Kazi nzito, kama kulima, kukata miwa na kubeba matofali, ifanywe toka mapambazuko hadi saa nne. Toka saa tano hadi saa tisa watu wafanye kazi nyepesi kivulini: kumenya mihogo, kushona nyavu, kunoa majembe. Baada ya saa tisa warudi shambani.

Msidhani kwamba saa sita ndiyo saa ya joto kuliko zote. Saa sita jua ni kali kuliko saa nyingine. Lakini hewa na ardhi huendelea kupata moto, na joto la hewa hufika kilele karibu saa nane au saa tisa. Ndiyo sababu mtu anayerudi kazini saa saba hujidanganya.

Je, asiye na saa afanyeje? Atazame kivuli chake. Kivuli kikiwa kirefu kuliko yeye, jua liko chini: afanye kazi. Kivuli kikiwa kifupi kuliko yeye, jua liko juu: apunguze kazi, apumzike mara kwa mara. Kivuli kikiwa chini ya miguu, aache jembe.

Hata katika saa njema, mfanyakazi apumzike kabla hajachoka. Aliyengoja mpaka achoke amekwisha chelewa. Mama anayegeuza ndagala hahitaji kusimama juani wakati wote. Ageuze, kisha arudi kivulini. Baada ya muda ageuze tena. Kibanda cha miti minne na makuti juu yake hujengwa kwa asubuhi moja, nacho huwasaidia watu kiangazi chote.

6. Maji ya kunywa

Mfanyakazi wa juani anywe kabla ya kwenda kazini, anywe akiwa kazini, anywe akirudi. Asingoje kiu. Kiu huja wakati mwili umekwisha pungukiwa. Kipimo chema ni kikombe kimoja kila robo saa au kila dakika ishirini. Ni vizuri kunywa kidogo kidogo mara nyingi kuliko kunywa mengi mara moja. Tena mtu asipite lita moja na nusu kwa saa moja, maana maji mengi kupita kiasi nayo hudhuru.

Mtu atajuaje kwamba amekunywa ya kutosha? Atazame mkojo wake. Ukiwa na rangi ya manjano hafifu, ni vema. Ukiwa mwekundu-mwekundu au mweusi kama chai, anywe na apumzike.

Lakini ni maji gani? Hapa watu wa Uvira lazima wawe waangalifu kuliko watu wa nchi nyingine. Maji ya ziwa na ya mito yetu huonekana safi, lakini mara nyingi yana vijidudu vya kipindupindu, yaani kolera. Mtu akikimbia jua na kunywa kolera, amepona wapi? Basi maji yachemshwe nyumbani jioni, au yatiwe dawa ya klorini, yapozwe usiku, yabebwe shambani katika bidoni safi yenye kifuniko. Bidoni iwekwe kivulini na kufunikwa kwa kitambaa chenye maji. Kila mtu awe na kikombe chake.

Jasho hutoa chumvi pamoja na maji. Anayekula chakula chenye chumvi kila siku huirudisha chumvi hiyo. Lakini mtu akitoka jasho jingi sana, akaanza kuhisi udhaifu au misuli ya miguu kukakamaa, atengenezewe kinywaji hiki: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko visijazwe kupita ukingo wake. Chumvi isizidishwe.

Pombe si maji. Kasiksi na lotoko hutoa maji mwilini kwa njia ya mkojo, tena hufunika akili, hata mtu asijue kwamba anaumwa.

Wengine huuliza: Je, nisioge mtoni nipoe? Kuoga kwapoza, lakini mto Ruzizi una mamba na viboko, na penye maji yaliyotulia pana kichocho. Chota maji, jimwagie nchi kavu.

7. Nguo na kofia

Watu wengine huvua shati juani wakidhani watapoa. Kumbe jua hupiga ngozi yao moja kwa moja. Nguo inayofaa ni nyepesi, pana, ya pamba, yenye rangi nyeupe au hafifu, na mikono mirefu. Nguo pana huruhusu hewa kupita na jasho kukauka. Nguo nyeusi hunywa joto la jua.

Kofia pana ya majani ni kibanda kidogo ambacho mtu hutembea nacho. Akina mama wafunge kikwembe kichwani. Wakikilowesha kwa maji kidogo, ni vizuri zaidi. Mtoto aliye mgongoni afunikwe kivuli, lakini asifungwe kwa nguo nyingi nzito, maana joto la mama na joto lake mwenyewe hukutana. Apewe kunyonya mara kwa mara.

8. Dalili

Mara nyingi joto hubisha hodi kabla ya kuua. Kwanza huja vipele shingoni na kwapani. Kisha misuli hukakamaa. Kisha huja uchovu wa joto: jasho jingi, kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, moyo kwenda mbio. Mtu huyu bado ana akili zake. Akiacha kazi, akaketi kivulini, akalegeza nguo na kunywa maji, atapata nafuu. Lakini siku hiyo asirudi kazini.

Asipoacha, hufuata lile jambo baya kuliko yote, kupigwa na jua. Mwili huwa wa moto sana. Ngozi ya mwingine ni kavu. Ya mwingine bado ina jasho. Msidanganywe na jasho. Dalili kubwa ni akili: mtu hasemi vizuri, hajui mahali alipo, hukasirika bure, huyumba, huzimia, au hupata degedege.

Kumbukeni neno hili: aliyepigwa na jua hajijui. Akili yake ndiyo inayougua kwanza, basi hawezi kujiambia, "Pumzika." Atasema, "Mimi mzima, niacheni." Kwa hiyo mtu asifanye kazi juani peke yake. Wafanye wawili wawili, kila mmoja akimwangalia mwenziwe. Jirani yako ndiye kipimajoto chako.

Tena malaria nayo huleta mwili wa moto na kichwa kuuma. Mwenye homa asiende shambani hata kidogo. Na mtu akianguka juani, apozwe kwanza. Kituoni atapimwa damu.

9. Kumsaidia aliyepigwa na jua

Fanyeni hivi, kwa haraka, bila kungoja mkubwa:

(1) Mpelekeni kivulini, mlazeni, mvueni nguo za juu. Mmoja akimbie kuita watu.
(2) Mmwagieni maji mwili mzima. Msiogope maji baridi. Wekeni vitambaa vyenye maji shingoni, kwapani na mapajani.
(3) Mpepeeni bila kukoma, kwa kikwembe, kwa ungo, kwa jani la mgomba.
(4) Akiwa amezimia au hana akili, msimpe kitu mdomoni, hata maji, yataingia mapafuni. Mlazeni ubavu.
(5) Msimpe vidonge vya homa. Joto hili si la homa, na vidonge havilishushi.
(6) Mpelekeni kituo cha afya au hospitali. Lakini mpozeni kwanza, na njiani endeleeni kumpoza.

Kila dakika ina thamani. Aliyepozwa ndani ya nusu saa mara nyingi hupona.

10. Mwenye kazi na wafanyakazi

Jambo hili si jipya. Katika kitabu cha pili cha Wafalme twasoma habari za mtoto wa mama wa Shunemu. Mtoto huyo alikwenda kwa baba yake wakati wa mavuno. Huko shambani akalia kwamba kichwa kinamwuma. Baba akaamuru apelekwe kwa mama yake. Akakaa magotini mwa mama hadi adhuhuri, akafa. Kitabu hakitaji jina la ugonjwa, lakini dalili zafanana sana na za kupigwa na jua. Mungu alimfufua kwa maombi ya nabii Elisha. Na katika kitabu cha Yudithi twasoma wazi kwamba Manase, mume wa Yudithi, alipigwa na jua kichwani akiwasimamia wafungaji wa miganda ya shayiri, akafa. Yeye alikuwa tajiri, mwenye shamba. Jua halichagui.

Amri ya tano yasema tusiue. Amri hiyo yatuamuru pia kutunza uhai wetu na wa wenzetu. Mwaka 1891 Papa Leo wa 13 aliandika barua kubwa juu ya wafanyakazi, iitwayo Rerum Novarum. Humo alifundisha kwamba kiasi cha kazi kipimwe kwa kuangalia aina ya kazi, nguvu za mtu na majira ya mwaka, kwa kuwa kazi iliyo rahisi wakati mmoja huweza kuwa mzigo usiobebeka wakati mwingine. Basi mwenye kazi anayewanyima watu kivuli, maji na pumziko hapati faida. Anakopa katika uhai wa watu.

Nchi nyingine zimeliweka jambo hili katika sheria. Huko Oman, ambako wako watu wengi wasemao Kiswahili, sheria yakataza kazi ya nje juani toka saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Majengo ya Oman yanazidi kujengwa vilevile. Pumziko halikuua kazi.

Nasi shambani tusingoje sheria. Baba anaweza kumwambia mwanawe, "Keti kwanza, mwanangu." Mtoto naye anaweza kusema kwa heshima, "Baba, kivuli chako kiko chini ya miguu. Tupumzike." Kusema hivyo si uvivu wala utovu wa adabu. Ni upendo.

KUMBUKENI

Kazi huleta moto ndani, jua huleta moto nje.
Pumzika kabla hujachoka, kunywa kabla hujaona kiu.
Mgeni wa joto aanze polepole.
Aliyepigwa na jua hajijui: mwangalie mwenzio.
Mpoze kwanza, kisha mpeleke hospitali.

MASWALI

1. Kwa nini kijana mwenye nguvu naye yumo hatarini shambani?
2. Mtungi wa udongo wafananaje na ngozi yetu?
3. Yule kijana wa milimani alipaswa kufanya nini siku yake ya kwanza?
4. Kwa nini wenzake walicheka? Mama mzee alijuaje kwamba hakulewa?
5. Kwa nini maji ya ziwa yachemshwe kabla ya kupelekwa shambani?
6. Mtu amezimia juani. Mwenzako ataka kumnywesha maji. Utamwambia nini?
7. Ni saa gani hewa ina joto kuliko saa zote?

KAZI YA KUFANYA

Jazeni maji katika chupa mbili zilizo sawa. Moja ifungwe kitambaa chenye maji, nyingine iachwe wazi. Ziwekeni zote mbili kivulini penye upepo. Baada ya saa moja gusa maji ya kila chupa. Ni yapi yaliyo baridi zaidi? Eleza sababu.

Tena, saa mbili asubuhi, saa sita na saa kumi, mpime kivuli cha mwenzako kwa hatua za miguu. Andika vipimo hivyo daftarini. Ukifika nyumbani, wafundishe wazazi wako kanuni ya kivuli.